"Daktari We Ng'oa Tu"

(Watu wengi wameniomba niyaandike yale niliyoongea Jumamosi kuhusu meno na taya, mimi kama daktari wa meno, kwenye ukumbi wa kata hapa Arusha, mbele ya wakina mama wa sokoni na vijana wa boda. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, sijayapamba.)

Shikamooni wazee wangu, mama zangu shikamooni, na nyie machalii wa boda mliojaa huko nyuma, mambo vipi. Mwenyekiti asante kwa nafasi, najua mmeacha biashara na najua leo ni siku ya soko, kwaiyo naenda moja kwa moja.

Naomba nianze na mama mmoja muuza maziwa. Kuna kijana wa boda alidondoka asubuhi pale karibu na soko la Kilombero, gari lilimbana akaenda na uso chini, jino la mbele la juu likatoka lote zima na mzizi wake likaruka kwenye lami. Watu wakajaa kama kawaida, wengine wanampiga picha, mwingine anatafuta tambara la kuzuia damu, jino liko pale chini hakuna anayeliangalia. Sasa huyo mama alikuwa anashusha maziwa yake ametoka nayo Ngaramtoni, akainama akaliokota, akachota maziwa kwenye kikombe akalitumbukiza, akampa rafiki wa yule kijana akamwambia shika hivi hivi usimwage nenda hospitali. Walinifikia dakika arobaini hazijaisha. Nikalishika kwa kichwa chake, nikalisuuza mchanga, nikapiga ganzi, nikalirudisha kwenye shimo lake, nikalifunga na waya mwembamba kwa majirani zake wiki mbili, na kabla ya kutoa waya nikalisafisha mzizi kwa ndani. Mpaka leo yule kijana anang'atia hindi la kuchoma na hilo jino.

Baadae nilimtafuta yule mama nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakufundishwa na mtu, aliona tu ule mzizi una damu na kinyama kibichi akajua ni kitu kilicho hai, kikikauka kitakufa.

Ndo hivyo hivyo jamani, kitaalamu hakuna cha kuongeza hapo. Kwenye mzizi wa jino kuna ngozi laini sana yenye chembe hai ndo inayolishika jino na mfupa, ikikauka ndani ya nusu saa mpaka saa moja zile chembe zinakufa, hata nikilirudisha jino halitashika vizuri, mwili utaanza kuula mzizi taratibu mpaka jino liishe. Mwezi ule ule nikaletewa kijana mwingine, jino lake amelifunga kwenye tishu ameweka mfukoni tangu saa nne asubuhi, amefika kwangu jioni, limekuwa kavu kama punje ya mahindi. Nililiangalia nikamwangalia na yeye, umri wake miaka 19. Ajali zile zile, jino lile lile, tofauti ni kikombe cha maziwa.

Kwaiyo machalii hili mkalishike leo. Jino la mtu mzima likitoka zima, lishike kwa kichwa usiguse mzizi, likiwa na uchafu limwagie maji safi au maziwa sekunde chache tu usilisugue na kitu, alafu kama mtu ana fahamu zake mrudishie pale pale kwenye shimo ang'ate kitambaa safi mje hospitali. Ukiogopa kulirudisha, maziwa. Hakuna maziwa, basi aliweke ndani ya shavu lake mwenyewe na mate yake, ila mtoto mdogo usimfanyie hivyo atalimeza. Na jino la utoto likitoka kwa kudondoka usilirudishe kabisa, utaumiza lile la ukubwani linaloota juu yake.

Nimeanza na huyo mama kwasababu ameelewa kitu ambacho nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi nikitamani kila mtu akielewe, kwamba mdomoni muda ndo unaamua. Kila ukichelewa kuna mlango mmoja unafungwa nyuma yako, na ukichelewa sana unabaki na mlango mmoja tu, ambao ni koleo.

Sentensi ninayoisikia kuliko zote pale kwenye kiti ni hii, "daktari we ng'oa tu". Mtu hajakaa vizuri, sijamuuliza jina, ng'oa tu nimechoka. Na namuelewa kabisa, maumivu ya jino usiku hayana mfano, mtu hajalala siku tatu anaona jino ndo adui. Ila naomba mnisikilize niwaonyeshe huo mlolongo, tuchukue gego moja.

Mtoto akifika miaka sita anaota gego la ukubwani nyuma kabisa ya meno yake ya utoto. Hakuna jino linalotoka kulipisha, linaota tu kimya kimya, kwaiyo mzazi anadhani ni la utoto, anasema litatoka lenyewe. Halitoki mama! Hilo ni la maisha, na ndo la kwanza kutoboka kwasababu linakaa mdomoni muda mrefu kuliko mengine na mtoto wa miaka sita hajui kusugua nyuma huko. Linaanza doa dogo jeusi. Hapo ukija nachimba kidogo, nazibia na dawa nyeupe, nusu saa umemaliza, unaenda kula. Usipokuja, tundu linashuka linafika kwenye mshipa, sasa ndo usiku hulali, maji ya baridi yanakupiga mpaka kwenye sikio. Hata hapo bado jino linaokoka, tunafanya matibabu ya mzizi, wengi mnaita rutikanali. Tunafungua juu, tunatoa ule mshipa uliokufa, tunasafisha zile njia ndani ya mizizi moja moja, gego linaweza kuwa na tatu au nne, nyembamba kama uzi, tunaua wadudu na dawa alafu tunajaza na kitu kama mpira. Inaweza kuchukua siku moja au ukarudi mara mbili tatu. Haiumi kama mnavyohadithiana, ganzi ikikaa vizuri haiumi.

Alafu kuna hatua watu wanaikimbia, krauni, yaani kofia ya kufunika jino. Jino likishatolewa mshipa na limechimbwa sana linabaki kuta nyembamba, na gego linabeba mzigo wa kutafuna nyama choma ya Arusha mnaijua wenyewe. Bila kofia juu yake litapasuka, na mara nyingi linapasuka mpaka kwenye mzizi, hapo mimi sina la kufanya tena. Nimeshaona watu wamelipia mzizi, maumivu yakaisha, wakasema hiyo krauni ntarudi mwezi ujao, wanarudi baada ya mwaka jino limegawanyika vipande viwili. Kwaiyo ukiambiwa matibabu ya mzizi uliza siku hiyo hiyo na bei ya krauni, ujipange kwa vyote viwili, na kama una bima uliza inabeba kipi, usisubiri kushtukizwa dirishani.

Na mimi nawaonyesha, mlioko mbele angalieni hapa chini kulia, mnaona pengo. Niling'olewa nikiwa na miaka 14 nikiwa shule ya bweni, kituo sikitaji, tundu lilikuwa dogo nakumbuka vizuri maana nililiona kwenye kioo, nadhani ingetosha kuziba tu ila siku hiyo kulikuwa na koleo na sindano basi, tulipanga foleni wasichana kama kumi na wote tuling'olewa. Miaka imepita, jino la nyuma ya pengo limelala limeegemea mbele kama mgomba uliokosa mhimili, na la juu limeshuka linatafuta mwenzake ambaye hayupo. Chakula kinaingia hapo kila siku. Hakuna aliyenitendea ubaya kwa makusudi, walikuwa na kifaa kimoja wakakitumia, lakini ndo maana nikasema mimi nikiwa na uwezo mtoto wa mtu hatang'olewa kwasababu tu koleo ndo lilikuwa karibu.

Jino likishatoka, na wakati mwingine kweli lazima litoke sikatai, hapo mfupa unaanza kuondoka. Mfupa wa taya upo kwa ajili ya jino, jino lisipokuwepo unanyauka, ndani ya mwaka mmoja unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake. Ndo maana bibi zetu waliong'olewa yote midomo inaingia ndani. Kwaiyo pengo nalo lina saa yake inayohesabu.

Vya kuziba pengo ni vitatu. Cha kwanza meno ya kuvaa na kuvua, ya plastiki ile ngumu, ndo rahisi kwa bei na hayana dhambi yoyote, wengi yanawafaa. Cha pili briji, yaani daraja, jino la katikati linashikiliwa na majirani wawili, ila hao majirani lazima wasagwe, kama walikuwa wazima mimi roho inaniuma kuwasaga. Cha tatu implanti, skrubu ya titani inayofungwa ndani ya mfupa na juu yake linakaa jino. Hii ina historia nzuri, kulikuwa na profesa wa Sweden aliyeitwa Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950 alikuwa anachunguza damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura, akafunga kidude cha titani, alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa umekishika umekuwa kitu kimoja. Mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza, na yule mgonjwa alikaa na meno yake hayo zaidi ya miaka 40 mpaka anafariki. Kwetu hapa bei bado ni kubwa siwadanganyi, na inataka subira, baada ya kuweka skrubu tunasubiri miezi mitatu mpaka sita mfupa uishike. Kama unavuta sigara au sukari yako haijatulia, tuanze na hayo kwanza maana vinaiangusha. Na mtu akikuahidi implanti bila kukupiga picha ya kuona mfupa wako una kina gani, ondoka.

Mama mmoja hapo ameniuliza kabla hatujaanza, je meno ya kahawia. Hili ni letu sisi watu wa Meru na Kilimanjaro, acha nikae nalo kidogo. Unajua kwanini panaitwa Maji ya Chai? Maji yenyewe yana rangi. Milima yetu ni ya volkano, maji yanapita kwenye yale mawe yanabeba madini yanaitwa floraidi, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, huku kwetu vipo vyanzo vinavyopita hapo mara nyingi sana. Mtoto akinywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane, gamba la jino linatoka na kasoro, linaanza na mistari myeupe kama chokaa mpaka kahawia yenye vishimo. Ukubwani ukihamia hapa na meno yako meupe hayageuki, usiogope. Na mtu mwenye meno hayo si mchafu! Nasema kwa nguvu kwasababu nina wagonjwa, mabinti wazuri, wanacheka wameziba mdomo na kiganja, mmoja aliniambia alikuwa anayasugua na mchanga na majivu akiwa shule ya msingi mpaka fizi zikatoka damu kwasababu mwalimu alimwambia hapigi mswaki.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaizidisha, maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Maji ya mvua ni mazuri, kingeni kwenye sim tanki safi muwawekee watoto ya kunywa na kupikia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa hii floraidi, huko wametengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa inachomwa mpaka inakuwa nyeusi inasagwa, maji yanapita, floraidi inabaki kwenye mifupa, ni kitu kinafanya kazi. Na magadi mama zangu, yale tunayotia kwenye makande yaive haraka, nayo mengi yana floraidi, chakula cha mtoto mdogo usiyatie, loweka mahindi na maharage usiku.

Kwa aliyeshapata, kuna njia, na hakuna hata moja inayoanza na kung'oa. Kama ni madoa ya juu juu tunasugua lile gamba na dawa maalum linatoka kidogo sana na doa linapungua. Likiwa la kina tunafunika mbele na dawa nyeupe ile ile ya kuzibia, siku moja mtu anabadilika. Likiwa limemomonyoka sana ndo krauni. Yule binti wa mchanga tulimfunika meno sita ya mbele. Nilimpa kioo akakaa nacho kimya muda mrefu, alafu akaniuliza, naweza kwenda hivi hivi nyumbani? Kama vile ni kitu cha kuazima.

Sasa taya, na hapa boda wote naomba masikio.

Taya la chini limekaa kama kiatu cha farasi, likigongwa upande mmoja mara nyingi linavunjika na upande wa pili, kwaiyo usiridhike na jeraha unaloliona. Dalili ni hizi, meno hayakutani kama zamani, mdomo wa chini umekufa ganzi, damu imevilia chini ya ulimi, mdomo haufunguki. Meno yasipokutana baada ya kipigo hiyo ni mivunjiko mpaka picha iseme vinginevyo. Na mtoto aliyedondoka akapasuka kidevu, jamani msikubali ashonwe kidevu tu aende nyumbani, nguvu ya kidevu inapanda mpaka kwenye kile kifundo mbele ya sikio na kinavunjika huko juu, kikiachwa kinaweza kuganda, mtoto anakua mdomo haufunguki na uso unapinda. Anaponywa akiwahiwa, wengi hata bila kupasuliwa, ila lazima ajulikane.

Kutibu, kuna kuyafunga meno ya juu na ya chini pamoja na waya wiki nne mpaka sita, mfupa utulie uungane wenyewe, na kuna kufungua na kuweka pleti ndogo za titani na skrubu, hii mtu anaanza kula laini mapema zaidi. Kipi kinakufaa inategemea ulivyovunjika na uwezo uliopo. Ukifungwa waya usinywe maji ya uji tu ukaisha mwili, mtori ndo rafiki yako, tia nyama saga kwenye blenda chuja pitisha na mrija, maziwa, parachichi, supu ya samaki. Na usitoke hospitali bila mkasi wa kukata waya, utembee nao shingoni, ukitapika mtu akate usije ukapaliwa. Mgonjwa wangu mmoja mkewe aliutundika kwenye kamba ya rozari, nikampenda bure.

Pale barabarani, mtu aliyevunjika taya na hana fahamu msimlaze chali, ulimi na damu vinaziba pumzi. Mgeuzeni kwa ubavu watu watatu kwa pamoja, shingo na mgongo viende mstari mmoja, damu imwagike nje. Na helmeti mnazovaa nyingi ni zile za nusu, zinalinda kichwa na hilo ni jema sana usiivue, lakini kidevu kiko wazi kabisa. Ya kufunika uso mzima ndo inalinda taya, najua bei yake na najua joto, ila mimi ndo ninayewapokea na nawaomba kama mama yenu.

Kuna uvimbe, na hili nalisema taratibu. Kuna uvimbe wa taya unaitwa ameloblastoma, unatoka kwenye chembe zilizobaki za kutengeneza meno, zaidi ya mara nane kati ya kumi unakaa taya la chini, na tatizo lake kubwa ni kwamba hauumi. Unakua polepole, mwaka, miaka mitatu, sita. Kitu kisichouma Mswahili hakiendei hospitali. Mama mmoja anauza ndizi alikuja amejifunga kanga kutoka kichwani mpaka kidevuni, jua kali, akakaa nayo mpaka mlango ulipofungwa, alipoifungua taya lilikuwa kama papai. Miaka saba. Alikuwa ameambiwa ni mzimu, ameambiwa ni jino, aling'olewa meno mawili juu ya ule uvimbe bila picha hata moja. Mwanzoni ungekuwa kidogo tungekata kidogo, sasa ilibidi kipande kikubwa cha taya kitoke, maana huu uvimbe ukiukwangua tu unarudi, inabidi ukate na sentimita moja mpaka mbili za mfupa mzima pembeni.

Lakini mnisikie, hata hapo hakuachwa bila taya. Kuna kuweka pleti ndefu ya titani kushika nafasi, na kuna kuchukua ule mfupa mwembamba wa pembeni ya mguu chini ya goti, mtu anatembea bila kipande chake, unakatwa unakunjwa unafuata umbo la taya na mishipa yake ya damu inaungwa shingoni kwa darubini. Daktari David Hidalgo wa Marekani aliandika kuhusu njia hii mwaka 1989 na leo inafanyika sehemu nyingi duniani. Mfupa ukishika unaweza hata kuwekewa implanti. Huyo mama aliandikiwa rufaa akafanyiwa, siku hizi yuko mezani kwake na ndizi zake na kanga ameirudisha kiunoni. Kwaiyo uvimbe wowote wa taya, hata usiouma, picha kwanza kabla ya koleo. Hapa mjini kuna hospitali ya Mount Meru, KCMC ya Moshi tangu 1971 iko kilomita kama 80 tu kutoka hapa, na kazi kubwa kubwa za taya Muhimbili wanazifanya.

Ila kwa mtoto ni tofauti, uvimbe wa taya wa mtoto unaokua ndani ya siku au wiki, meno yanalegea, usingoje hata Jumatatu. Daktari Denis Burkitt aliuona Uganda mwaka 1957, ni saratani, ukanda wake ni ule ule wa malaria, na inatibika kwa dripu za dawa, wengi wanapona wakiwahi, haihitaji kukata taya. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki tatu, hasa kwa mtumia ugoro, sigara au pombe kali, nacho tukione. Mtoto aliyezaliwa mdomo wazi, yaani mdomo wa juu umepasuka, hana laana na haikutokana na kupatwa kwa mwezi, mdomo unashonwa akiwa na miezi kama mitatu, kaakaa baadae kabla hajaanza kuongea vizuri, mleteni wiki ya kwanza tumfundishe mama kumnyonyesha. Na mtoto mchanga anayeharisha na homa hana yale watu wanayoyaita meno ya plastiki ndani ya fizi, hayo meno ya plastiki hayapo, kinachochimbuliwa na msumari wa baiskeli pale kwenye fizi ni kichwa cha jino lake halali, mtoto anavuja damu anaoza anaweza kufa, na kuharisha kwake bado hakujatibiwa. Nimeshika mtoto wa hivyo mikononi. Siongezi neno.

Cha mwisho, usaha. Fundi mmoja gego la chini lilimuuma siku tisa, kila siku duka la dawa, vidonge viwili vya rangi mbili na diklofenaki, uso ukavimba ukapungua ukavimba tena. Siku ya tisa kaletwa shingo imevimba pande zote mbili ngumu kama ubao, ulimi umenyanyuliwa juu, mate yanamtiririka hawezi kumeza, sauti kama mtu mwenye chakula mdomoni, hawezi kulala anakaa ameinama mbele. Ule usaha umeshuka chini ya ulimi unaziba njia ya pumzi, mtu anaweza kufa usiku mmoja. Tulihangaika na pumzi kwanza, tukapasua chini ya taya usaha ukatoka, tukang'oa lile gego, akalazwa siku kumi na moja. Gego moja. Kwaiyo kwenye jino lenye usaha vidonge peke yake havitoshi hata siku moja, chanzo lazima kifunguliwe au kitolewe. Na hayo maji ya betri na tumbaku mnayopachika kwenye tundu naomba muache, yanaunguza fizi na mfupa.

Ukiwa umeng'olewa kihalali, ng'ata ile pamba nusu saa bila kuchungulia, siku hiyo usiteme teme wala kusukutua wala kutumia mrija wala sigara, lile donge la damu ndo kidonda chenyewe, likitoka mfupa unabaki uchi na siku ya tatu utalia. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni kesho yake.

Mzee hapo mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Anasema ana miaka 74, meno ya kuvaa alitengenezewa, yanambana yanamtoa vidonda kwahiyo ameyafunga kwenye leso, yapo kabatini, anauliza kama umri wake bado unafaa kuhangaika. Mzee wangu, shikamoo. Fizi inabadilika kila mwaka, meno yalibaki vile vile na mdomo ukapungua, ndo maana. Tunayapunguza pale yanapokata na kuyawekea kitako kipya ndani, kazi fupi tu. Usiku uyavue uyaweke kwenye maji. Jumatatu saa mbili asubuhi njoo, uyavae hata kama yanauma ili nione yanapokugusa, na uje na ndizi moja mbivu tujaribie pale pale.